Hana Mkono

Kwetu Uporoto, kwenye milima ya viazi iliyo juu ya Mbeya, mwanamke anaweza kusamehewa mengi. Ukiunguza mboga utachekwa jioni hiyo na kesho yamekwisha. Ukichelewa ibada utasemwa kidogo na mzee wa kanisa, basi. Lakini ukiambiwa huna mkono, umekwisha. Mkono ninaousema ni ule wa kupanda. Kuna watu, wanasema, hata wakidondosha mbegu juu ya jiwe itaota, na kuna wengine ambao udongo unawakataa. Hakuna atakayekuambia usoni. Utaona tu siku ya kupanda unatumwa kuchota maji, unatumwa kupika chai, unatumwa kila mahali isipokuwa kwenye matuta.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, aliambiwa hana mkono. Na aliyeanza kusema ni mama yangu mzazi.

Mama si mtu mbaya, na anayetaka kumsema aje kwanza nimwonyeshe ni wangapi wamekula kwa sababu yake. Mbegu za viazi za upande wetu karibu zote zinatoka kwenye kibanda chake cha giza nyuma ya jiko. Kwake mbegu hainunuliwi na hainyimwi. Unakuja na ndoo yako, unaketi, unakunywa chai, mnazungumza mambo mengine kabisa, mwisho ndiyo unaomba. Ukivuna, unamletea viazi vya kwanza, mnavichemsha pamoja na kuvila kwa chumvi. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, na kwa jambo hilo ana heshima kuliko mchungaji.

Shamba lake liko juu kabisa, karibu na msitu, kwenye baridi ya kuvaa masweta mawili hata mchana. Wifi alipoolewa alipewa shamba la chini, bondeni, ambako migomba inaanza kukubali. Akapewa na mbegu kutoka kibandani. Msimu wa kwanza viazi vyake vilistawi vizuri, ila vilipokaribia kutoa maua vikaanza kulala, leo shina moja, kesho manne, kama vimemwagiwa maji ya moto. Msimu wa pili hivyo hivyo. Na huko juu kwa mama, mbegu ileile, mvua ileile, mbolea ileile, viazi vimesimama wima. Sasa tofauti iko wapi? Mama akasema tofauti ni mkono. Ukiwa mkweli utakubali kwamba hiyo ni hoja. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari moja pale Iringa, nasahihisha insha za wanafunzi mpaka macho yanauma, na hoja ile ningeipa alama nzuri tu.

Nilipofika likizo ya Desemba nilimkuta wifi anapepeta maharage nyuma ya nyumba. Tukakumbatiana. Nikamwuliza mbona amepungua hivyo, au mdogo wangu anamla yeye badala ya ugali? Hakucheka. Akaniambia, "Baada ya mwaka mpya nitaenda kwetu kupumzika kidogo."

Jamani. Kila mwanamke aliyeolewa anajua maana ya kupumzika. Hakuna anayekufukuza. Unabebewa begi mpaka barabarani, unapewa nauli na salamu za wazee, halafu haji mtu kukuchukua. Nikamwuliza ni nani aliyesema apumzike. Akasema hakuna aliyesema, ila mume wake amemwuliza mara kadhaa kama hajawakumbuka wazazi, na mama naye anaongea habari za kumpa mtu mwingine lile shamba la bondeni.

Nina hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nikamwambia wifi aache maharage yake, tushuke shambani nikaone kwa macho yangu.

Tuliyoyakuta kule yalinishangaza. Nilitegemea majani ya njano, wadudu, magugu, kitu cha kumlaumu mtu. Shamba lilikuwa safi kuliko sebule yangu ya Iringa. Mashina yalilala yakiwa bado ya kijani. Wifi aling'oa moja, akachukua kiazi kutoka chini yake na kukikata kwa kisu. Ndani, karibu na ganda, kulikuwa na duara la rangi ya kahawia, na alipokibinya kikatoa ute mzito kama usaha. Machoni pa kiazi udongo ulikuwa umegandia, haubanduki. "Vyote viko hivi," akasema. "Nimefunga na kuviombea, nimeweka majivu, nimemwaga dawa ya ukungu. Labda kweli sina mkono, wifi." Aliposema hivyo moyo wangu uliuma, kwa sababu hakuwa analalamika tena. Alikuwa ameshakubali.

Mtandao kwetu unashika vizuri nyuma ya banda la nguruwe tu, basi huko ndiko nilikofanya utafiti wangu. Nikaanza kwa Kiswahili. Nikapata wauza dawa, kila mmoja na dawa inayotibu kila kitu, na mhubiri mmoja anayeombea mashamba kwa simu. Nikageukia Kiingereza. Hapo yakamwagika. Kumbe dunia nzima inajua habari za viazi kulala. Ugonjwa una jina, bakteria wake ana jina refu la Kilatini, na kwetu maofisa wa kilimo huuita mnyauko. Juu ya matokeo yote ilikaa makala moja ambayo kichwa chake kilikuwa kana kwamba kimeandikwa na mtu aliyesimama kwenye matuta ya wifi: mnyauko wa viazi, nyanda za juu zenye baridi, Afrika Mashariki. Nikaibonyeza kwa pupa. Nikapewa muhtasari mfupi, mistari ya kuonjesha, na ulipofika mahali pa utamu ukakatika. Ukitaka kuendelea, nunua. Kwa dola. Kwa kadi ya benki. Nguruwe wakawa wananiangalia.

Mama alinikuta pale nasonya. "Vipi?"

"Nimeona makala ya viazi, Mama, lakini imefungwa."

"Wamekunyima?"

"Hawajaninyima. Wanauza."

Akafikiri. "Hivyo viazi vilivyoandikwa humo, wamelima wao?"

"Sidhani. Inasema Afrika Mashariki."

"Kwa hiyo walikuja, wakatazama viazi vya watu, wakaondoka, sasa wanawauzia wenye viazi?" Mama akacheka kicheko cha puani. "Hao kwetu wangeitwa wachoyo mpaka wajukuu."

Nilijaribu kumweleza kwamba mambo si mepesi hivyo, kuna wachapishaji, kuna gharama, waandishi wenyewe mara nyingi hawapati hata senti. Nikaona ninawatetea watu walionifungia mlango usoni. Katika lugha yetu, kunyima si neno dogo. Mtu anaweza kuwa mlevi, akawa mgomvi, akazikwa kwa heshima zote. Mnyimivu anazikwa na familia yake tu.

Bando likaisha, nikanunua lingine. Nilikuwa nimeshika ushahidi wa wifi yangu upande wa pili wa kioo, nauona, siufikii, na mwaka mpya unakuja. Nikaendelea kuchimba. Kesho yake ndipo nilipofikia makala nyingine, ndefu, mbaya kwa sura, yenye alama ndogo ya kufuli lililoachwa wazi. Nilipoibonyeza ilifunguka yote. Kurasa zote, picha zote, hadi orodha ya marejeo. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala nasomea wapi. Nilisema "ndaga" kwa sauti, asante ya kwetu, nikiwa peke yangu na nguruwe.

Kuisoma sasa! Nilidhani najua Kiingereza. Kile hakikuwa Kiingereza nilichozoea, kilikuwa mawe. Nikampigia mwenzangu wa baiolojia pale Iringa, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe si ndiye mwenye Kiingereza?" Nikamwambia changu ni cha sarufi, asinichoshe, anieleze. Akawa ananitumia ujumbe wa sauti, aya kwa aya, na mimi naandika kwa Kiswahili pembeni. Neno moja lilitusumbua zaidi ya mengine. Kamusi ililiita "fiche". Mwenzangu akasema hapana, fiche ni ya vitabuni, sema tu "iliyolala". Maambukizi yaliyolala.

Na hapo ndipo palipokuwa na jibu. Makala ilikuwa inaeleza kwamba kwenye milima yenye baridi mmea unaweza kubeba ugonjwa huo usionyeshe kitu. Unasimama wima, unazaa, viazi vyake ukivitazama ni vizima. Ila mbegu hiyo ukiishusha mahali penye joto, kilicholala kinaamka.

Nilisoma mara ya pili. Halafu nikakaa chini kwenye majani yenye unyevu, sikujali sketi. Mbegu ileile, mvua ileile. Tofauti ilikuwa baridi. Wifi alikuwa hana kosa lolote, na mbegu zilizolaza shamba lake zilitoka kwenye kibanda cha mama yangu.

Sikumwambia mama siku ile. Nilimzunguka. Makala ilieleza na namna ya kupima, isiyohitaji maabara: kata kipande cha shina lililonyauka, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Kama ni ugonjwa huo, utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka. Asubuhi nikashuka kuleta shina kutoka kwa wifi, nikaweka glasi dirishani mwa jiko, nikamwita mama. Tukasubiri kidogo tu. Nyuzi zikaanza kushuka, nyembamba, polepole, mpaka maji yakawa na ukungu chini.

"Ehee," mama akasema. "Shamba lile lina ugonjwa. Si nilisema?"

"Na kule juu kwako, Mama, hakuna hata moja lililolala?"

"Machache tu pembeni. Hao ni fuko, wanakata mizizi."

"Basi tupime la fuko."

Alinitazama. Mama yangu hajasoma sana lakini si mjinga, alijua pale pale ninakoelekea. Alivaa mabuti, akapanda mwenyewe, akarudi na shina mkononi. Akamwaga maji ya kwanza, akaosha glasi kwa sabuni, akaisuuza na kuisuuza tena, akakata shina kwa kisu kingine. Alikuwa anaupa ule ugonjwa kila nafasi ya kutokuwepo. Kisha akasimama mbele ya dirisha mikono nyuma. Mwanzoni maji yalikuwa meupe pee, na mimi, haki ya Mungu, nilianza kuomba yabaki hivyo hivyo. Wifi angepona kwa njia nyingine. Lakini uzi ukatoka. Ukafuata mwingine.

Nikamsomea nilichoandika, kuhusu baridi na joto na kilicholala. Nilipomaliza akauliza, "Yaani kiazi kinaonekana kizima, kumbe kinao?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukimpa mtu, umempa."

"Ndiyo."

"Kama ule ugonjwa mwingine. Huwezi kumjua mwenye nao kwa kumwangalia." Sisi watu wa mikoa hii tumezika vya kutosha kulielewa hilo bila mwalimu. Akavuta kiti akaketi. "Na mimi mbegu nilikuwa nachagua kwenye mashina yaliyobaki. Yakilala haya, nachukua yale yaliyosimama karibu nayo. Nikasema hayo ndiyo yenye nguvu."

Kila mtu mwenye akili angechagua hivyo hivyo.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na baridi kuliko ya nje. Mama hakutaka kuzungumza. Nilimwambia kwamba wifi lazima aambiwe, akajibu, "Nimesikia." Nilimwambia Alhamisi wanawake wa jumuiya wanakuja kusali hapa, na wengine watakuja na ndoo, kwa sababu kwetu viazi havina msimu mmoja, hawa wakivuna wale wanapanda. Atawapa nini? Hapo akanigeukia kwa ukali ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa msichana. "Wewe utarudi Iringa kwenye chaki zako. Mimi nitabaki hapa. Unajua maana ya kuwaambia watu wa mlima huu kwamba miaka yote nimekuwa nawagawia ugonjwa?" Nilikuwa nimekuja na ile makala kama mtu aliyeleta zawadi, na hapo nikaona zawadi yangu inamvua mama nguo.

Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku ile. Tunasema habari ziwe wazi, elimu iwe ya wote, na mimi nasema hivyo kwa sauti kubwa katika chumba cha walimu, tena kwa kugonga meza. Naamini bado. Aliyefunga ile makala ya kwanza sijamsamehe. Lakini habari ikishafunguliwa, lazima mtu fulani aibebe mpaka pale inapotakiwa, na huyo mtu ana majirani. Waandishi wa ile iliyofunguka hawakuwa na majirani wa mama.

Alhamisi walikuja. Waliimba, walisali, walikunywa chai, ndoo zao zimepangwa ukutani nje na kila mtu anajifanya hazioni. Mdogo wangu alikuwa uani anapasua kuni. Wifi alikuwa anagawa viazi vya kuchemsha, kwa sababu kupika ndiyo kazi aliyobakishiwa. Mama akasimama. Nilidhani anatoa neno la shukrani.

"Leo sitoi mbegu," akasema.

Wakacheka. Walidhani utani.

"Sitoi. Mbegu zangu zina ugonjwa. Zinao muda mrefu, na mimi sikujua mpaka mwanangu aliponisomea kwenye simu. Kama shamba lako limelala na mbegu ulitoa kwangu, ni hizo." Akamnyooshea wifi mkono. "Na huyu binti hapa. Nimesema hana mkono. Nimesema kisimani, nimesema sokoni, nimewaambia na ninyi. Mkono wake ni mzima. Mbegu ilikuwa yangu. Binti yangu, nisamehe."

Mwanamke mmoja wa makamo akaweka kikombe chini, akasema na yeye lake lililala mwaka jana na mumewe hajaacha kumsema mpaka leo. Mwingine aliinuka, akachukua ndoo yake, akaondoka bila kuaga. Wengine walimzunguka mama, wakamshika mabega, wakamwambia pole, na wapo waliompa pole kwa midomo tu, nikawaona. Wifi alikuwa bado amesimama na sinia. Hakulia. Aliniambia, "Mwite mume wangu. Msomee na yeye. Mbele yangu."

Nikamwita. Aliingia na shoka mkononi, akaliacha mlangoni, akaketi. Nikasoma kwa Kiswahili tangu mwanzo, taratibu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaomba simu. Akaitazama ile makala yenyewe, Kiingereza chake chote asichokijua, anapandisha kwa kidole, anateremsha.

"Dada, ni wapi pamesema si yeye?"

Swali la kijinga, ningeweza kumjibu vibaya, mdomo ninao. Lakini nilimwona uso wake. Nikamwonyesha mstari ule wa baridi na joto. Akauwekea kidole akakaa nao hivyo, kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Pole, mke wangu."

Wifi alinyoosha mkono, akachukua simu kutoka kwake. "Hii iliandikwa lini?"

Nikatafuta tarehe. Iko juu, chini ya majina ya waandishi. Sikuwa nimeiangalia. Nilipoiona nikatamani asingeuliza.

"Kabla hamjaoana," nikasema.

"Na tangu hapo haikuwa imefungwa?"

"Haikuwa imefungwa."

"Yeyote angeweza kuisoma."

"Yeyote mwenye Kiingereza na bando."

Akanirudishia simu, akaokota sinia lake. "Kwa hiyo ilikuwepo tu," akasema, "na mimi nalia."

Mama alifunika uso kwa kitenge.